Pengwini wa barafuni, makaa ya Kitui

Nimepotea siku nyingi, najua. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha jinsi ya kuipakua, wala sitalalamika kuhusu kasi ya intaneti (ingawa malalamiko ninayo, tele). Leo nazungumzia katuni. Ndiyo, katuni ya watoto, yenye ndege wanaoimba. Ukiona hiyo si mada ya mtu anayepata riziki kwa kuandika programu, vumilia kidogo, kompyuta zitafika.

Katuni yenyewe ni Happy Feet. Ilitoka Novemba 2006, mwongozaji akiwa George Miller, yule yule wa Mad Max, na ikatengenezwa na Animal Logic ya Sydney. Februari 2007 ikanyakua Oscar ya filamu bora ya katuni mbele ya Cars ya Pixar. Kisa chake kwa ufupi: pengwini wa Antaktika hutafuta wachumba kwa kuimba, kila mmoja na wimbo wake wa moyoni. Mumble amezaliwa hajui kuimba. Akifungua mdomo ni kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini miguu yake haitulii, anacheza usiku na mchana. Wakati huo huo samaki baharini wanapungua. Wazee wa kundi wanakaa kikao, wanatafakari, wanaamua kwamba mkosaji ni kijana huyu anayecheza, maana amemuudhi aliye juu. Wanamfukuza. Naye anafunga safari kwenda kuwatafuta viumbe wa ajabu wanaochukua samaki, ambao ni mimi na wewe, binadamu wenye meli.

Muziki ni mwanzo hadi mwisho, kuna nyimbo za Queen, Stevie Wonder na Prince. Pia kuna ndege mmoja anayejifanya mganga, shingoni amevaa kitu anachokiita hirizi takatifu, kumbe ni kile kipande cha plastiki cha kushikanisha makopo ya soda, na kinamnyonga polepole. Kwangu hiyo ndiyo picha kali kuliko zote katika filamu nzima, na haina hotuba hata moja.

Ilipotoka, baadhi ya watangazaji wa runinga Marekani walipiga kelele kwamba ni propaganda ya wanamazingira kwa watoto. Mimi kulalamika kwangu ni kinyume. Naona ujumbe wake haukuzidi. Ulikatika njiani. Na sikuyaona haya mwenyewe, niliyaonyeshwa na mtoto wa miaka tisa.

Mimi nafanya kazi Wote, Makueni, lakini kwetu ni ng'ambo ya Athi, kusini mwa Kitui, upande wa Mutomo. Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani na tarakilishi yangu, projekta ndogo ya kuazima na betri ya sola. Tukatundika shuka nyeupe ukutani kwa baba mdogo. Watoto wakajaa, na nyuma yao wakubwa waliojifanya wamekuja kuchaji simu tu.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Filamu ni ya Kiingereza, watoto wadogo wanasema Kikamba, na susu wangu Kiingereza hakimhusu. Basi ikabidi nigeuke DJ Afro, nikawa natafsiri papo hapo nikiwa nimesimama kando ya shuka. Jaribu siku moja kumweleza mtoto wa Mutomo, ambaye hajawahi kuona bahari wala barafu, kwamba huyu ni ndege ambaye haruki, anaishi juu ya maji yaliyogeuka jiwe, na anakula samaki tu. Kijana mmoja aliuliza kama ni kuku. Nikasema ni kama kuku. Tukaendelea.

Susu alinishangaza. Wazee wa pengwini walipomfokea Mumble aache kucheza kwa sababu samaki wamepotea, yeye alicheka hadi akashika mbavu. Ujana wake alikuwa mchezaji wa kilumi, ngoma ya akina mama wa Ukambani ya kuomba mvua, ile yenye ngoma ndefu na mabega yanayotikisika. Halafu dhehebu moja nisilolitaja likawaambia wanawake wa kijiji kwamba mvua haiji kwa sababu yao. Waliokuwa wakiicheza mvua ije wakaambiwa ndio wanaoifukuza. "Huyu ndege," akasema, "walimfanyia yale yale." Sikuwa nimewahi kuitazama filamu hiyo kwa macho hayo, na nimeitazama mara nyingi kupita kiasi kwa mtu mzima.

Kwa hiyo tuipe haki yake. Watunzi waliona jambo la kweli: uhai ukikauka, jamii hutafuta wa kulaumiwa karibu, aliye tofauti, badala ya kufuata uzi hadi kule kitu kinakoibiwa.

Sasa mwisho wake. Mumble anakamatwa, anawekwa kwenye bustani ya wanyama, karibu anarukwa na akili, kisha mtoto mmoja anagonga kioo naye anaanza kucheza. Watu wanashangaa. Wanamrudisha kwao na kifaa cha kumfuatilia mgongoni, wanamfuata kwa helikopta, kundi zima linacheza mbele yao. Picha zinaenea duniani, wakubwa wanagombana mikutanoni, uvuvi unapigwa marufuku. Samaki wanarudi. Makofi. Majina yanapanda.

Watoto wakapiga makofi kweli. Binti wa dada yangu hakupiga. Akaniuliza, "Mjomba, wale watu wa meli walikwenda kufanya kazi gani?"

Nikanyamaza. Nyuma yake alikuwa amekaa baba mdogo, mwenye ukuta na mwenye shuka, na baba mdogo huchoma makaa.

Wasomaji wasio wa huku wanahitaji maelezo kidogo. Kitui imelisha majiko ya Nairobi kwa miaka mingi. Mgunga hukatwa, hupangwa, hufunikwa kwa nyasi na udongo, huwashwa na kulindwa siku kadhaa. Tanuri la kienyeji la udongo hupoteza sana: kilo 100 za kuni hutoa makaa kilo 10 hadi 20 hivi. Januari 2018 gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutoka Kitui. Muda mfupi baadaye lori la makaa lilichomwa moto, na siku chache hazikupita waandamanaji wakafunga barabara kule Limuru. Februari mwaka huo huo serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii nchi nzima, amri iliyokuja kuondolewa mwaka 2023.

Happy Feet ingeishia hapo, Februari 2018, muziki ukipanda. Kwa baba mdogo hadithi ndiyo ilikuwa inaanza. Shamba lake halikupata mvua mpya siku ya marufuku. Wateja wa Nairobi hawakuacha kupika. Alichoma usiku badala ya mchana, akauza kwa bei ya hofu, na faida ikaenda kwa watu wa katikati waliojua njia za kupita. Sisemi marufuku ilikuwa kosa. Nimeona vilima vilivyobaki na vichaka tu ambapo nikiwa mdogo tulikuwa tunaogopa kupita kwa wingi wa miti, na mtu asiyekasirika akiona hivyo ana tatizo. Nasema tu kwamba marufuku si mwisho wa hadithi, na katuni inayomwambia mtoto kuwa ndio mwisho inamdanganya, hasa mtoto ambaye "kiumbe wa ajabu" wake ni babu yake aliyekaa kiti cha nyuma.

Na kabla hamjanirushia mawe: karo yangu ya kidato cha tatu na cha nne ililipwa na makaa hayo. Tarakilishi ya kwanza niliyoigusa niliigusa katika shule hiyo. Kwa hiyo ninapoandika juu ya migunga ya Kitui sijiweki upande wa Mumble. Nilikuwa nakula samaki wa meli.

Kwa bahati, bara letu hili lina pengwini wake wa kweli, kule Afrika Kusini na Namibia, nao wanaishi filamu hiyo hiyo. Dagaa wao wamepungua, na mwaka 2024 waliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Haikuwa dansi iliyosaidia. Mashirika ya ndege yalikwenda mahakamani, na Machi 2025 yakafikia makubaliano na wenye viwanda vya samaki: maeneo kuzunguka makoloni sita yafungwe kwa uvuvi wa dagaa kwa miaka 10. Mistari kwenye ramani, mawakili, wavuvi mezani. Ni hadithi isiyo na helikopta, lakini ningemsimulia yule binti hiyo bila aibu, kwa sababu swali lake lina jibu ndani yake: watu wa meli hawakutoweka, walikaa wakakubaliana wavue wapi.

(Ningeweza kurudia yote haya kwa mchanga. Makueni walitunga sheria yao ya mchanga mwaka 2015, na ukitaka kujua thamani ya mchanga wa mto mkavu muulize mtu anayeishi karibu na bwawa la mchanga: ukuta wa zege unajengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake jua lisiyaone. Ukiubeba mchanga kwa lori umebeba tangi la maji la kijiji. Kitui kuna mamia ya kuta hizo. Lakini hilo nitaliandikia siku yake.)

Sasa kompyuta, kama nilivyoahidi.

Dansi ya Mumble haikuchorwa na mtu aliyekaa akibuni hatua. Ni ya Savion Glover, mchezaji wa Marekani, aliyevalishwa alama mwilini huku kamera zikizifuata, na kompyuta ikahamisha mienendo yake hadi kwenye mwili wa pengwini. Mwaka 2006 kufanya hivyo kulihitaji ukumbi na fedha za studio kubwa. Leo kuna MediaPipe ya Google, ya bure, ambayo hupewa video ya kawaida ya simu na kutoa pointi 33 za mwili kwa kila picha. Siku ya pili baada ya filamu nilimwomba susu acheze hatua chache uani, nikamrekodi. Alikubali baada ya kuhakikisha mlango wa lango umefungwa.

Matokeo? Miguu ilitoka vizuri. Mikono, vizuri kiasi. Mabega, sifuri. Kila bega kwa MediaPipe ni pointi moja tu, na kilumi iko mabegani, kule kutetemeka kwa haraka kunakoanzia mgongoni. Programu iliona ni kelele, ikalainisha. Nikabaki na kiunzi cha fimbo kinachotembea uani kama mtu anayetafuta ufunguo. Nitalazimika kuandika sehemu hiyo mwenyewe, na tayari nimeshaharibu wikendi mbili.

Kuna anayeuliza, kwa nini nahangaika? Kwa sababu nimeamua watoto wa kwetu wapate filamu yao, fupi, ya nyimbo, ya wanyama wanaowajua, na isiyokimbia swali la yule binti. Msinicheke. Haya si mambo yasiyowezekana. Blender, programu huria ya kutengenezea katuni, iliachiwa umma mwaka 2002 baada ya watu mtandaoni kuchanga euro 100,000 kwa wiki saba. Mwaka 2008 walitoa nayo Big Buck Bunny, ile ya sungura mnene, bure kwa kila mtu. Na Machi 2025 filamu ya Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, paka na wanyama wenzake ndani ya mashua wakati wa gharika, ilishinda Oscar ile ile ya Happy Feet. Ilitengenezwa kwa Blender. Haina hata neno moja la mazungumzo, kwa hiyo Mutomo isingehitaji DJ Afro.

Tupige hesabu kama watu wazima. Filamu ni picha 24 kwa sekunde. Dakika 90 ni picha 129,600. Tarakilishi yangu ikichukua dakika 10 kukamilisha picha moja (na kwa manyoya inachukua), hizo ni siku 900 bila kupumzika, bila stima kupotea. Hilo halifanyiki. Lakini dakika 7 ni picha 10,080, yaani siku 70. Na nikitumia njia ya haraka ya Blender, ile waliyotumia Flow, inashuka hadi kitu ambacho betri yangu inaweza kukivumilia. Kwa hiyo dakika 7.

Pia si kwamba Kenya hatujawahi. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, ikaanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010: vipindi 52 vya wanyama na nyimbo, kwa mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Kila kipindi kinajibu swali la kwa nini mnyama fulani yuko hivi alivyo. Naipenda sana, na iliwafunza kazi vijana wengi wa Nairobi. Ila wanyama wake wanaishi peke yao. Binadamu hayupo, kwa hiyo makaa hayapo.

Mhusika wangu ninaye. Ni yule ndege mdogo wa rangi ya vumbi anayeongoza watu kwenye asali. Ukiwa na simba, tembo na twiga, huyu hakuuzii tiketi, lakini nitajieni mnyama mwingine wa porini anayekuja mwenyewe kumwita binadamu. Anaita, unamjibu, anaruka mti hadi mti, unamfuata hadi kwenye mzinga. Wewe unachukua asali, yeye anabaki na nta na mabuu. Mtafiti Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, waliwapima Waborana wa kaskazini mwa nchi yetu na kuchapisha matokeo mwaka 1989: bila ndege, mtafutaji alichukua kwa wastani saa 8.9 kupata mzinga, na akiongozwa na ndege saa 3.2. Kule Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ukitoa mlio maalumu wa Wayao, uwezekano wa kuongozwa unapanda kutoka asilimia 33 hadi 66. Kwa lugha yetu ya kazi, hiyo ni itifaki. Pande mbili, mwito na jibu. Na ni wimbo tayari! Mumble alilazimika kucheza hadi wazimu ndipo binadamu wamwelewe. Huyu wetu tunaelewana naye tangu zamani.

Wala si malaika, jambo ninalolipenda. Hutaga mayai kwenye viota vya ndege wengine, na kinda lake huzaliwa na ndoano mdomoni, likawaua makinda wenyeji. Hilo sijui nitaliimbaje kwa watoto.

Kisa nilichonacho ni chembamba: ndege anaita, na mtu anayemfuata amebeba shoka badala ya moto wa kufukizia nyuki, maana mti wenye mzinga kwake ni magunia mangapi. Mti ukianguka leo kuna karo. Ukisimama kuna asali mwaka huu na mwaka ujao, lakini kidogo, na mwalimu mkuu hasubiri maua. Nimeandika matoleo manne. Katika matatu mzee anatupa shoka, muziki unapanda, na ninaona haya. Toleo la nne nilimpelekea baba mdogo mwenyewe, nikamsomea chini ya mbuyu wake wenye mizinga miwili ya magogo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema mtu wangu ni mjinga, kwa sababu hakuna anayeukata mti wa mzinga kwanza, unaanza na ile isiyo na kitu, na huo unakuja mwisho kabisa. "Andika amefika kwa huo wa mwisho," akasema. Pia ameanza kupanda mukau, mti wa mbao usioogopa ukame, miche arobaini hivi kando ya boma, na alinionyesha bila mimi kuuliza. Bado anachoma makaa. Mukau unataka miaka kumi na zaidi kabla ya kuuza mbao.

Kwa hiyo toleo la tano linaandikwa. Anayejua kuchora nyuki wengi bila kuua tarakilishi ajitokeze. Anayepiga ngoma ya kilumi na haogopi kurekodiwa, vile vile.

Kabla sijaondoka nilimuuliza baba mdogo kama yule ndege bado yupo. Akasema yupo, anaita asubuhi, ila vijana hawajui kumjibu, basi anaita wee kisha anaenda zake. Nikatoa simu nikamwomba anipigie mluzi wa zamani, ule wa kumjibu. Faili ninalo, la sekunde 14. Mwanzoni kuna mbuzi, halafu mluzi, mara mbili. Halafu panga linawekwa chini, na mzee anauliza kama simu bado inanasa.